Urafiki wa Wasichana wa Makabila Tofauti: Niliyojifunza Tangu Kidato cha Kwanza Mwaka 2008

Niliingia Kidato cha Kwanza Februari 2008 katika shule ya kitaifa ya wasichana, si mbali na Nairobi, wakati nchi ilikuwa bado inazika watu wake. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na ghasia zikazuka siku hiyo hiyo. Mkataba wa kugawana mamlaka, ambao mazungumzo yake yalisimamiwa na Kofi Annan, ulitiwa saini tarehe 28 Februari, nasi tukiwa tumekwisha kuzoea kengele ya kuamkia. Tume ya kuchunguza ghasia hizo, iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ilikuja kuhesabu vifo 1,133. Naandika haya sasa kwa sababu Januari 2026 binti wa kaka yangu aliingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni iliyo mbali na kwetu, miongoni mwa kundi la kwanza la mtaala mpya, na maswali aliyoniuliza kaka yangu kabla ya kumpeleka ni yale yale ambayo baba yetu aliyauliza enzi zangu: huko wa kwetu wako wangapi, na hao wengine ni watu wa namna gani?

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi. Katika shule ya msingi niliyosoma, mtoto asiyekuwa Mtaita alikuwa ama wa askari ama wa mwalimu aliyehamishiwa kwetu, naye alijua Kidawida, lugha yetu, kabla ya mwaka kwisha kwa kuwa hakuwa na namna. Wakati huo shule za kitaifa zilikuwa 18 tu nchini kote, na nafasi zake ziligawanywa kwa wilaya ili kila pembe ya Kenya iwe na watoto wake humo. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kulipia kila mwanafunzi wa shule ya upili shilingi 10,265 za masomo kwa mwaka, lakini bweni lilidai mengine mengi: malazi, chakula, sare, godoro, mablanketi, ndoo na sanduku la bati lenye kufuli. Baba aliuza ng'ombe. Nataja gharama hizi mapema kwa sababu zilihusika na urafiki kuliko nilivyotarajia, kama nitakavyoeleza.

Wengi hudhani kwamba wasichana hujitenga kikabila kwa sababu ya chuki waliyofundishwa nyumbani. Chuki ilikuwapo, hasa mwaka ule, lakini niliyoyaona katika majuma ya kwanza yalikuwa na sababu ya karibu zaidi. Mwanafunzi mpya, ambaye aliitwa mono, alikuwa mtumishi wa kila aliyemtangulia: alichota maji ya wengine, alipanguza viatu vya wengine, aligawa sukari yake hadi ikaisha. Kinga pekee ilikuwa kumpata msichana wa Kidato cha Tatu au cha Nne wa kumwita dada, na dada huyo alipatikana kwa lugha. Mono aliyesikika akisema neno moja la Kikamba kwenye foleni ya uji alikuwa na mtetezi kabla hajafika penye sufuria. Wataita tulikuwa watatu shule nzima, na wale wawili walionitangulia walikuwa na mambo yao, mmoja akijiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, asitake hata kusalimiwa. Kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia hupata muda mwingi wa kutazama.

Nilichokitazama ni kwamba msichana aliyejiunga na watu wa lugha yake kwa ajili ya kinga alitakiwa kuilipia kinga hiyo. Aliketi nao Jumapili baada ya ibada, alimpigia kura kiranja wa kwao, alinyamaza waliposengenywa wengine, na polepole rafiki aliyempata darasani katika siku za mwanzo akawa mtu wa kusalimiwa tu. Hakuna aliyemkataza. Mzazi anayetaka kujua kama binti yake atapata marafiki wa kila aina asianze kwa kuuliza shule ina makabila mangapi. Aulize wanafunzi wapya hufanywaje na wale wa zamani, nani hulala karibu nao, na wakionewa huenda kwa nani. Shule inayokomesha uonevu huwa imeondoa sababu kubwa ya watoto kujificha nyuma ya lugha.

Sheria ya kupiga marufuku lugha za mama, ambayo shule nyingi wakati ule zilikuwa nayo, haikusaidia. Aliyekamatwa akisema lugha ya kwao alipewa kipande cha nyasi akate. Matokeo yake ni kwamba lugha hizo zilianza kunong'onwa, na anayepita karibu na watu wanaonong'ona huamini kwamba anasemwa yeye. Laiti wangeachiwa wazungumze kwa sauti wakiwa wenyewe kwa wenyewe, na kufundishwa adabu ya kugeukia Kiswahili mara tu anapofika asiyeelewa, tungeokoa ugomvi mwingi. Adabu hiyo tulikuja kuijenga bwenini kwetu sisi wenyewe, na hadi leo naiona yenye maana kuliko marufuku yoyote.

Niseme pia kwamba mara nyingine tuliloliita ukabila lilikuwa pesa. Wasichana wa Nairobi walizungumza Sheng iliyotuacha nje sote tuliotoka mashambani, Mtaita kwa Mluhya kwa Mmeru, na waliokuwa na masanduku yaliyojaa walikula pamoja bila kujali kabila. Aliyekuwa na sanduku tupu hakualikwa, kwa sababu asingeweza kualika.

Vitanda vilikuwa vya ghorofa, vikapangwa kwa nambari za usajili. Kitanda cha chini kilichokuwa mkabala na changu kilimwangukia msichana Mkikuyu wa Molo, na cha juu yake kikamwangukia Mnandi wa karibu na Kapsabet. Wanandi ni Wakalenjin, na katika ghasia zile Wakalenjin na Wakikuyu walikuwa wamepigana huko Bonde la Ufa. Majina yao nayahifadhi. Yule wa Molo alikuja bila sanduku, vitu vyake vyote vikiwa kwenye gunia la nailoni, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa imechomwa na familia yake ikiishi hemani katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Yule wa Nandi alikuja na kila kitu kilichotajwa kwenye orodha ya shule, pamoja na wasiwasi uliotushinda sote, maana alijua jinsi watu wangemchukulia wakishasikia jina lake. Usiku wa kwanza yule wa Molo alikwenda kwa matroni akaomba ahamishwe. Asubuhi yule wa Nandi naye, bila kujua kwamba mwenzake alikuwa ametangulia, akaenda kuomba hilo hilo. Matroni aliwajibu wote wawili kwamba vitanda vimekwisha kuandikwa kitabuni kwa wino, naye hana cha kufutia wino. Hakuongeza neno. Muhula ule tulisikia hotuba nyingi za umoja kutoka kwa wageni waheshimiwa, na sikumbuki hata moja. Jibu la matroni nalikumbuka kwa sababu halikuwadai wasichana wale wapendane, liliwadai walale.

Kilichowalazimisha kusemezana kilikuwa maji. Mifereji ilitoka maji kabla ya mapambazuko na kukauka muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na ndoo ya lita 20 iliyojaa haibebwi na msichana mmoja wa miaka 14 hadi juu ya ngazi za bweni. Kisha ndoo iliyoachwa peke yake huibwa maji, au huibwa yenyewe. Lazima mmoja alinde foleni, mmoja alinde ndoo iliyokwisha kujaa, na wawili washike mpini kila mtu upande wake. Sisi watatu tulikuwa jirani, wote hatukuwa na dada mkubwa wa kututetea: mimi kwa uchache wetu, wa Nandi kwa sababu dada zake wa lugha walijitahidi kutoonekana muhula ule, na wa Molo kwa sababu alikuwa amekataa kuitwa na mtu yeyote. Basi tukawa tunachota pamoja. Kwa muda mrefu maneno yao yalikuwa ni yale ya kazi tu, shika huku, usimwage, funga mfereji, na mimi katikati nikidhani hayatazidi hapo. Siku yule wa Nandi alipoamka na homa, yule wa Molo alichota mara mbili, akaiweka ndoo ya pili chini ya kitanda bila kusema ni ya nani.

Ni wakati huo ndipo nia njema ilipokaribia kuharibu kila kitu. Mwalimu mmoja wa Dini, mtu mpole ambaye bila shaka alitaka kutuponya, alitukalisha duara akamtaka kila msichana aliyetoka katika maeneo ya ghasia asimulie aliyoyaona. Msichana mmoja wa Kisumu alianza akashindwa kumaliza. Yule wa Molo alisimulia habari za ng'ombe wao aliyepotea, akaishia hapo. Kisha mwalimu akamwomba rafiki yangu wa Nandi aseme neno la kuwafariji wenzake "kwa niaba ya watu wa kwenu". Alikuwa mtoto. Alisimama, akafungua mdomo, akakaa. Siku kadhaa zilizofuata wale wawili hawakutazamana, mmoja akihisi amevuliwa nguo mbele ya watu na mwingine akihisi amehukumiwa.

Kwa mwalimu, mlezi au mzazi anayesoma haya, naomba hili moja lishikwe: mtoto aliyepatwa na msiba wa kikabila asidaiwe simulizi yake, na mtoto wa upande wa pili asifanywe balozi wa kabila lake. Yule wa Molo alikuja kunieleza yaliyowakuta alipokuwa Kidato cha Tatu, jioni moja tukikunja nguo, bila kuulizwa. Simulizi hiyo ni yake na haitaandikwa hapa.

Siku ya wazazi kututembelea iliangukia Juni. Hakuna siku inayopanga wasichana kikabila kwa haraka kama hiyo, kwa sababu nyasi zote za shule hugawanywa kwa leso na mashuka ya wageni, na kila shuka huwa na lugha yake. Wazazi wangu hawakuja. Nauli ya kutoka Wundanyi na kurudi ilikuwa heri ilipie karo. Wa yule wa Molo hawakuweza. Yule wa Nandi akatualika sote wawili kwa wazazi wake, waliokuwa wamesafiri usiku kucha wakaja na kuku, chapati na mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, ndani ya kibuyu chake. Baba yake alitupokea vizuri na kutuita wanangu. Mama yake alianza kumimina, akaniuliza nyumbani ni wapi, nikamwambia Taita, akafurahi kwa kuwa hakuwahi kukutana na Mtaita. Akamwuliza mwenzangu.

"Molo," alijibu.

Mama alisita, kikombe kikiwa mkononi, kisha akampa. Halafu akamgeukia binti yake akamwuliza jambo kwa Kinandi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Mimi sikuelewa, niliona tu rafiki yangu akiinamia sahani yake. Yule wa Molo alikunywa mursik yake yote bila haraka, akakiweka kikombe chini, akasema, "Kongoi," yaani asante kwa Kinandi, akainuka na kwenda zake bwenini.

Alikuwa amekulia kati ya majirani Wakalenjin na kucheza na watoto wao. Alielewa kila neno. Mama alikuwa ameuliza kama hakuna kitanda kingine anachoweza kupewa binti yake, maana mtu mwenye uchungu kama ule si wa kulala karibu naye.

Nimekuwa nikimfikiria mama yule kwa miaka mingi, na sasa nikiwa mtu mzima namwelewa kuliko nilivyotaka kumwelewa wakati ule. Hakutukana mtu. Alimlisha mgeni wake. Hofu yake ilikuwa ya mzazi aliyemwacha mtoto mbali katika mwaka mbaya, na angeweza kumwuliza binti yake baadaye, wakiwa wawili langoni, naye angejibiwa. Kosa lilikuwa kuamini kwamba lugha ya nyumbani ni chumba kilichofungwa mlango, katika nchi ambayo watu wamekaa ujirani, wameuziana maziwa na kuoana kwa vizazi. Mzazi anayemtembelea mtoto shuleni azungumze lugha anayoielewa kila aliyeketi kwenye shuka lake, na asiseme kwa lugha nyingine ambalo asingelisema kwa hiyo.

Baada ya siku hiyo wale wawili waliacha kusemezana, na kila mmoja akanifanya mimi daraja. Mwambie simaanishi. Mwambie sijali. Mwambie aondoe taulo lake kwenye fremu ya kitanda. Ujumbe wa kwanza niliufikisha, nikaona jinsi maneno yale yale yalivyotoka mdomoni mwangu yakiwa makali kuliko yalivyoingia masikioni, nikakataa kufikisha mengine. Niliwaambia nitaendelea kuchota maji na yeyote atakayeamka. Msichana wa kabila la tatu huonekana kuwa na bahati katika ugomvi wa namna hii kwa sababu hana upande, kumbe huwa ndiye anayechoka zaidi. Asipojiwekea mpaka, atawapoteza wote wawili siku watakapopatana, kwa kuwa yeye ndiye atakayekumbukwa kwa kubeba matusi.

Lililotuokoa halikupangwa na mtu kwa ajili hiyo. Shule ilikuwa inajiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, na mwalimu wetu, ambaye alikuwa Mluo, alichagua dodo, ngoma ya wanawake wa Kiluo. Sote watatu tulikuwa tumechaguliwa tangu Mei, kabla ya ugomvi, na kwa urefu wetu wale wawili walipangwa bega kwa bega katika mstari wa pili. Kila jioni walilazimika kuinama pamoja, kutikisa mabega kwa mpigo mmoja na kuimba maneno ya Kijaluo ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. Waluo wenyewe walikaa pembeni wakatucheka hadi machozi. Yule wa Nandi hakuweza kabisa kulitamka neno moja la kiitikio, na kila alipolikosea yule wa Molo alilikosea kwa namna nyingine, mwalimu akasimamisha ngoma, tukaanza upya.

Nadhani siri ilikuwa hapo. Katika somo, katika chakula, katika habari za siasa, kila mara kulikuwa na mmoja aliyekuwa kwao na mwingine aliyekuwa ugenini. Katika dodo wote walikuwa wageni kwa kiasi kimoja, wakitegemeana ili wasiaibike mbele ya watu waliokuwa na haki ya kucheka. Nimeona walimu wakianzisha vilabu vya amani ambamo wanafunzi hukariri mashairi ya umoja, na sina neno baya juu yavyo, ila nikiombwa ushauri husema: wapeni wasichana kazi ngumu ambayo hakuna kabila lililozaliwa likiijua, na muwape muda wa kutosha kuishindwa pamoja. Iwe ngoma ya watu wengine, mpira wa vikapu, bustani ya shule au jaribio la sayansi linalokataa kutoa matokeo.

Tulifika hadi ngazi ya mkoa tukashindwa. Lakini jioni moja kabla ya hapo, tukivua sketi za katani, yule wa Nandi alimwambia mwenzake mbele yangu, "Nilisikia alivyosema mama, na najua ulisikia." Akayarudia maneno ya mama yake kwa Kiswahili, yote, bila kuyapunguza na bila kusema kwamba mama hakumaanisha. Yule wa Molo akamwuliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Akasema hakumjibu, alinyamaza. Walikaa kimya kitambo, kisha wa Molo akasema kwamba naye, usiku wa kwanza, alikuwa ameomba kuhamishwa kitanda. Hapo ndipo walipojua kwamba wote wawili walikwenda kwa matroni. Sikumbuki nani aliyeanza kucheka.

Nimetumia njia hiyo ya yule wa Nandi maishani mwangu na kuwafundisha wengine. Ndugu zako wakisema jambo juu ya rafiki yako, usimfiche kama unajua amesikia, usimpunguzie makali, na usianze kwa kuwatetea. Utetezi una wakati wake, tena huja wenyewe rafiki akishajua kwamba ulisikia alichokisikia.

Likizo ndizo zilizotushinda. Simu hazikuruhusiwa shuleni na nyumbani si kila mtu alikuwa nayo, kwa hiyo tuliandikiana barua zilizochelewa hadi zikatukuta tumerudi. Wasichana wengi niliosoma nao walikuwa na marafiki wa makabila yote ndani ya lango na wa kabila moja nje yake, na muhula wa kwanza wa kila mwaka ulianza upya na baridi kidogo, kwa kuwa kila mtu alikuwa ametoka kusikiliza mazungumzo ya kwao kwa mwezi mzima. Yule wa Nandi ndiye aliyevunja mpaka huo. Tukiwa Kidato cha Tatu alinifuata Wundanyi likizo ya Desemba, safari ya kukata nchi nzima, na wazazi wake walimpa nauli baada ya mabishano marefu. Mama yangu alimwamkia kwa Kidawida na kumkabidhi jembe. Kwa yule wa Molo hakwenda, wala wa Molo hakwenda Kapsabet. Familia ya Molo ilikuwa imepata kipande cha ardhi kwingine, ikajenga nyumba ya mabati, na ziara ya namna hiyo ilihitaji ujasiri ambao watoto hawawezi kuutoa peke yao. Mzazi asipofungua mlango, urafiki wa shuleni utabaki shuleni, na sioni haki ya kuwalaumu wasichana kwa hilo.

Tulimaliza KCSE mwaka 2011. Machi 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimepigana huko Bonde la Ufa miaka mitano tu nyuma, walishinda uchaguzi wakiwa tiketi moja, na ghafla familia za rafiki zangu zikaambiwa ni washirika. Yule wa Molo aliniandikia kwamba wao wawili walipatana mapema kuliko viongozi hao, na bila kugawana vyeo. Kufikia 2022 viongozi hao walikuwa wamekosana tena, na sisi tulikuwa na kikundi cha WhatsApp ambacho katika misimu ya uchaguzi kilinyamaza kabisa. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais, mmoja wetu alituma kibonzo cha kumcheka mgombea, mwingine akajitoa, na ilichukua miezi kabla ya kurudi. Tangu hapo tumekubaliana kwamba siasa tutazizungumza kwa sauti, kwa simu, ambapo mtu husikia mwenzake akivuta pumzi, na kwamba hakuna kusambaza kilichotoka kwa mtu mwingine. Mtaona ni jambo dogo, limetuvusha.

Nilimwambia kaka yangu kwamba uchaguzi wa Agosti 2027 utamkuta binti yake akiwa Gredi ya 11, na kwamba maneno anayoyasema garini sasa ndiyo atakayoyabeba bintiye wakati huo. Hakupenda, ila aliacha kuuliza wa kwetu wako wangapi. Binti mwenyewe nilimpa maagizo machache. Asikimbilie kitanda cha karibu na Mtaita mwenzake akikuta kipo wazi. Ajiunge na chama kimoja ambacho hana kipaji nacho. Asimwulize mtu kabila lake kwa kusingizia kuuliza jina la pili, maana kila msichana hujua kinachotafutwa. Akiwa na watu wa lugha yake afurahie lugha yake bila aibu, na akija mwingine waigeuze.

Siku yao ya kutembelewa ilipokaribia, alimpigia baba yake simu kutoka ofisi ya shule akisema chakula kiwe cha watatu, kwa sababu ana rafiki Mwislamu wa Garissa ambaye wazazi wake hawatafika na mwingine wa Busia. Kaka yangu alikuwa tayari amekwisha kununua kuku na kumchinja mwenyewe. Nilimwambia ampe jirani kuku huyo, anunue mwingine, na amwombe Mwislamu wa pale sokoni amchinje. Alinung'unika kuhusu pesa, akafanya hivyo. Kwa wazazi watakaofuata, mwulizeni mtoto mapema ataketi na nani na wanakula nini, kabla kisu hakijagusa kuku.